Kitabu cha Kiingereza, ubishi wa Kiswahili: namna ya kuanzisha kikundi cha kusoma Mwanza

Wengi wetu tuliopita sekondari tumewahi kushika riwaya au tamthilia ya Kiingereza, na tuliishika kwa hofu. Mtihani uko mbele, mwalimu anaandika dhamira na wahusika ubaoni, na kitabu chenyewe ni kimoja, mnakigombania watu wanne. Mtihani ukiisha kitabu kinarudi stoo, na hamu ya kusoma inafungiwa humo humo. Mwongozo huu ni wa watu wazima wenye shughuli zao Nyegezi, Igoma au Kirumba ambao wangependa kuvirudia vitabu hivyo na rafiki zao, safari hii bila mtu wa kuwapa maksi.

Niseme msimamo wangu mapema: someni kwa Kiingereza, bishaneni kwa Kiswahili. Kikundi kikijilazimisha kujadili kwa Kiingereza, ndani ya wiki chache mazungumzo yanabaki kwa watu wawili wenye ulimi mwepesi, na wengine wanaanza kupata dharura za kifamilia kila Jumamosi. Lugha ya kitabu ibaki kwenye kitabu. Mkifika kwenye kuteta, kutetea na kucheka, tumieni lugha mnayoitetea nayo bei sokoni.

Hatua ya kwanza: watu kwanza, uongozi uachwe

Tafuta watu watano hadi wanane. Chini ya hapo, wawili wakisafiri kikao kimekufa. Juu ya hapo kuna watakaokaa kimya tangu mwanzo hadi mwisho. Usiwatafute waliosoma fasihi peke yao. Mchanganyiko mzuri ni kama huu: mwalimu, muuguzi, fundi wa injini za boti, mtu wa benki, na mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni. Huyo wa dagaa ataielewa sehemu ya kwanza ya The Merchant of Venice kabla ya mwenye digrii, kwa sababu anajua usingizi wa mtu ambaye mzigo wake uko majini na fedha aliyonunulia ni ya kukopa.

Msichague mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Sisi tunapenda sana uongozi, na mkianza hivyo mtasoma katiba miezi miwili kabla hamjafungua kitabu. Kinachohitajika ni mshika zamu: mtu mmoja kwa kila kikao, anayeandaa maswali mawili au matatu na kuangalia saa. Kikao kinachofuata anashika mwingine. Hata yule anayesema Kiingereza chake ni kidogo ashike zamu, maana maswali yake mara nyingi ndiyo yanayowasha moto.

Hatua ya pili: kitabu cha kwanza kiwe kifupi

Kishawishi ni kuanza na kitabu kikubwa chenye jina. Great Expectations cha Charles Dickens kina sura 59. Pride and Prejudice cha Jane Austen kina 61. Ni vitabu vizuri mno, lakini kikundi kipya hakijui bado kama kitafika sura ya kumi. Anzeni na kimoja kati ya hivi vitatu.

The Merchant of Venice ndiyo chaguo langu la kwanza. Ni tamthilia, kwa hiyo inasomwa kwa sauti na kila mtu ana sehemu yake. Shakespeare aliiandika miaka ya 1590, na Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa jina la Mabepari wa Venisi, ikachapishwa mwaka 1969 akiwa Rais. Mkikwama kwenye Kiingereza cha kale, mnafungua cha Mwalimu, mnasoma ukurasa uleule, kisha mnarudi.

A Christmas Carol cha Dickens, cha mwaka 1843, kina sehemu tano tu. Kinamhusu tajiri bahili Scrooge na karani wake Bob Cratchit, anayelipwa shilingi 15 kwa wiki na kufanya kazi kwenye baridi kwa sababu sanduku la makaa ya mawe liko chumbani kwa bosi. Hata asiyewahi kuona theluji anamjua bosi huyo.

Cha tatu ni Animal Farm cha George Orwell, cha mwaka 1945, chenye sura kumi fupi. Hiki kina tafsiri ya Fortunatus Kawegere, Shamba la Wanyama, ya mwaka 1967. Tahadhari moja tu: kitabu hiki kinavuta siasa za leo kwa kasi, na kikundi kichanga kinaweza kugawanyika kwa vyama kabla hakijazoeana. Mimi ningekiweka cha tatu au cha nne.

Hatua ya tatu: kupata nakala bila kufilisika

Shakespeare alifariki mwaka 1616, Austen 1817, Dickens 1870. Hakimiliki za kazi zao zilikwisha zamani, kwa hiyo kuzipakua bure si wizi. Mahali pa kuanzia ni Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni iliyoanzishwa na Michael Hart mwaka 1971. Chagua faili lisilo na picha. Ni dogo, halili bando, na linapita kwenye WhatsApp bila taabu. Mmoja apakue, awatumie wote. Hii ina faida nyingine: mnakuwa na nakala ya aina moja. Mkiwa na matoleo tofauti, mmoja atasema ukurasa wa 40, mwingine kwake ni 112, na dakika kumi zinapotea. Kwenye simu hata hivyo namba za kurasa hubadilika kwa ukubwa wa maandishi, basi zoeeni kutaja sura, au tendo na onyesho.

Tafsiri za Nyerere na Kawegere ni jambo lingine. Hizo bado zina wenyewe, kwa hiyo nunueni au azimeni. Msizungushe picha za kurasa zilizopigwa kwa simu. Ulizeni maktaba ya mkoa, ulizeni walimu wastaafu, pitieni kwa wauza vitabu vya mitumba. Nakala moja ya tafsiri inatosha kikundi kizima, kwa kuwa kazi yake ni ya kufungulia mlango tu.

Kwa wanaokaa barabarani muda mrefu, wa Buhongwa au Kisesa mathalani, kuna LibriVox: watu wa kujitolea wanasoma vitabu hivi kwa sauti na kuviweka bure. Pakua nyumbani, sikiliza kwenye daladala. Wasomaji wanatofautiana ubora, wengine wanakera, lakini kwa Dickens kusikiliza kunasaidia sana, kwa kuwa sentensi zake ndefu zinakaa sawa zikisikika.

Hatua ya nne: mahali na saa

Nyumbani kwa mtu, kwa zamu, ndiyo bora. Baa ina muziki na mpira. Ufukweni panapendeza kwenye picha, lakini mchana upepo wa ziwa unapeperusha karatasi na kumeza sauti. Kama mnautaka sana ufukwe, nendeni asubuhi. Saa tisa hadi saa kumi na moja na nusu jioni ni muda mzuri: mwanga upo hata umeme ukikatika, na wa mbali anawahi usafiri.

Chakula kiwe chepesi na cha bei ndogo, kisije kikamwelemea mwenyeji. Chai na michembe, au matobolwa na karanga. Mkianza kupika pilau, baada ya vikao vitatu kuna mtu ataogopa zamu yake.

Hatua ya tano: kusoma kabla ya kikao

Gaweni kitabu vipande vidogo. Hapa Dickens mwenyewe yuko upande wenu. Great Expectations hakikutoka kama kitabu kizima. Kilitoka kidogo kidogo kila wiki katika gazeti lake la All the Year Round, kuanzia tarehe 1 Desemba 1860 hadi 3 Agosti 1861. Wasomaji wa London walisubiri wiki nzima kujua Pip, mtoto yatima anayesimulia kisa hicho, amefikwa na nini, na sura nyingi zimekatwa mahali pa kukuacha na kiu. (Kwa wapenda tarehe: Speke, yule mpelelezi Mwingereza, aliliona ziwa hili kutoka huku kwetu Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, akalibandika jina la malkia wake. Miaka mitatu kamili baadaye, siku ileile, raia wa malkia huyo walikuwa wanasoma kipande cha mwisho cha habari za Pip.) Sura mbili au tatu kwa wiki zinatosha. Asiyemaliza aje hivyohivyo, asikilize. Msimfukuze wala kumsema, kwani mtu mzima akisemwa kwa kutofanya kazi ya nyumbani harudi.

Kuhusu maneno magumu: usifungue kamusi kila mstari. Pigia mstari, endelea. Neno likirudi mara ya tatu na bado linakuzuia kujua nani kafanya nini, hapo litafute. Mengi ya Dickens ni majina ya vitu vya karne ya 19, aina za magari ya farasi na nguo, na hayabadilishi kisa. Pale mwanzoni mfungwa aliyetoroka anamkaba Pip makaburini na kumwamuru alete chakula na tupa. Ukishaelewa kuwa tupa ni ya kukatia pingu, umeelewa kila kitu cha kukuwezesha kuogopa pamoja na mtoto huyo.

Hatua ya sita: kikao chenyewe

Hapa ndipo vikundi vingi hufia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Anzeni na masimulizi. Mtu mmoja asimulie kwa Kiswahili kilichotokea katika kipande cha wiki, kwa dakika tano, kama anavyomsimulia jirani ugomvi wa mtaa wa pili. Wengine wamsahihishe. Kazi hii inaonyesha mara moja wapi watu wameelewa tofauti, na aliyeshindwa kusoma anaingia kwenye mkondo bila aibu. Kisha someni kwa sauti ukurasa mmoja wa Kiingereza aliouchagua mshika zamu. Matamshi ya mtu yasichekwe. Waigizaji wa Shakespeare wenyewe hawakutamka kama watangazaji wa London wa leo.

Baada ya hapo ndipo swali. Achaneni na maswali ya darasani: dhamira ni zipi, mwandishi amefaulu vipi kutumia tashibiha. Swali zuri linahusu uamuzi wa mhusika mmoja, na watu wawili wenye akili timamu wanaweza kulijibu kinyume. Je, Charlotte Lucas alikosea kuolewa na Collins? Hilo, kwangu, ndilo swali bora kuliko yote katika Pride and Prejudice. Charlotte ana miaka 27, hana mali, na anamkubali mwanamume mpuuzi mwenye nyumba na kipato, akijua wazi kuwa ni mpuuzi. Elizabeth, rafiki yake, anashtuka. Waulize kina dada wa kikundi, kisha waulize mama zao.

Kitabu hichohicho kina kipengele kitakachozua zogo kwetu Usukumani. Kwetu ng'ombe hutoka kwa muoaji kwenda kwao na binti. Kwa Austen fedha inafuata njia nyingine: binti anatarajiwa kwenda na fungu lake, na asiye na fungu anahangaika. Baba yao kina Bennet, ndiye baba wa Elizabeth, ana pauni 2,000 kwa mwaka, lakini shamba limefungwa kisheria lirithiwe na mwanamume, na yeye ana mabinti watano. Lydia, mdogo wao wa mwisho, anapotoroka na afisa wa jeshi Wickham, Darcy, tajiri anayempenda Elizabeth, analipa madeni ya kijana huyo, zaidi ya pauni 1,000, na kuongeza nyingine 1,000 kwa ajili ya Lydia ili ndoa ifungwe. Jadilini: hapo nani kamnunua nani?

Mkiwa na Great Expectations, swali lenu liko pale Joe anapomtembelea Pip mjini. Joe ni mhunzi, shemeji yake Pip, ndiye aliyemlea kwa upendo. Pip sasa ni bwana wa London, na moyoni anakiri kwamba angeweza kulipa fedha Joe asije, angelipa. Joe anafika, hajui pa kuweka kofia yake, anamwita Pip "bwana". Kila mwenye kazi ya ofisini Mwanza na ndugu Sengerema au Misungwi anakijua chumba hicho. Msikimbilie kumhukumu Pip. Ulizeni kwanza Joe alijua nini, na kwa nini aliondoka mapema.

Mjadala ukipoa, tumieni mbinu ya Bagika na Bagalu. Kama vikundi vile vya ngoma vinavyoshindana nani atavuta watazamaji wengi, gawanyeni watu pande mbili kwa kura. Upande mmoja umtetee mhusika, mwingine umshitaki, hata kama moyoni unaona vingine. Baada ya dakika kumi na tano, badilishaneni. Aliyeanza kwa kumtukana Pip sasa lazima amtetee, na anagundua mambo katika kitabu ambayo hakuyaona alipokuwa anasoma.

Shylock mahakamani

The Merchant of Venice inastahili maelezo yake, kwa sababu inagusa jambo linalouma hapa mjini. Bassanio anataka fedha za kwenda kuposa. Rafiki yake Antonio hana taslimu, mali yake yote iko kwenye meli. Anakopa dukati 3,000 kwa Shylock, mkopeshaji Myahudi, kwa miezi mitatu, bila riba, kwa sharti moja: akishindwa kulipa, akatwe ratili ya nyama mwilini. Habari zinakuja kwamba meli zimezama. Bassanio, aliyekwishaoa tajiri, anataka kulipa mara mbili ya deni. Shylock anakataa, anataka mkataba wake.

Mtu yeyote aliyeona jirani akichukuliwa friji na kochi kwa mkopo wa kausha damu ataanza na hasira dhidi ya Shylock. Mwacheni amalize. Kisha mshika zamu aulize: Antonio alilazimishwa kusaini? Je, si huyuhuyu Antonio aliyekuwa akimtemea Shylock mate na kumwita mbwa, na sasa ndiye anayeomba fedha? Someni hotuba ya Shylock katika tendo la tatu, onyesho la kwanza, anapouliza kama Myahudi hana macho, mikono na hisia kama Mkristo. Kikundi kitagawanyika chenyewe, bila kura.

Tendo la nne, onyesho la kwanza, liigizwe. Fundi awe Shylock, mwalimu awe mtawala wa Venisi. Portia, mke wa Bassanio, amevaa kama mwanasheria, anamruhusu Shylock akate nyama yake, ila asimwage tone la damu, kwa kuwa damu haimo kwenye mkataba. Watu watashangilia. Ngojeni shangwe ipite ndipo muendelee kusoma, maana hukumu haijaisha: Shylock ananyang'anywa mali na kulazimishwa kubadili dini awe Mkristo.

Katika kikundi chenye Waislamu, Wakristo na wasio na dini, hapa panahitaji uangalifu, na nashauri msiparuke. Elezeni kwanza historia: Wayahudi walifukuzwa Uingereza mwaka 1290 na hawakuruhusiwa kurudi hadi 1656, kwa hiyo watazamaji wengi wa Shakespeare walimcheka mtu wa aina ambayo hawakuwahi kukaa naye jirani. Halafu kila mtu aseme kama hukumu ile ingekuwa haki kama dini zingebadilishana nafasi. Mshika zamu wa siku hiyo awe mtu mtulivu.

Nani aseme kwanza

Hili ni dogo lakini lina uzito. Mzee akisema mapema kwamba Shylock ana haki, kijana aliyempa shikamoo nusu saa iliyopita hatamwambia amekosea. Basi utaratibu uwe kuanzia mdogo kwenda mkubwa. Wazee wengi wanaufurahia wakishaelezwa kwa heshima, tena wanapata nafasi ya kufunga hoja. Walimu, samahanini, nanyi mseme mwishoni. Mwalimu akianza kufafanua, wote tunatafuta kalamu.

Hatua ya saba: leteni na cha kwetu

Baada ya vitabu viwili au vitatu vya Kiingereza, wekeni kimoja cha ziwani pembeni yake. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945 riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka, kwa Kikerewe. Ilisubiri hadi mwaka 1980 kutoka kwa Kiswahili alichokitafsiri mwenyewe, na mwaka uliofuata alifariki. Ni habari ya mume na mke wasiopata mtoto, wakwe wanaomchukua binti yao, na mume anayetozwa pombe ya ndizi ili amrudishe. Isomeni mara tu baada ya Austen. Pande zote mbili kuna wazazi wanaohesabu, majirani wanaosema, na wapendanao wanaojipenyeza katikati. Pembeni ya ndoa hii ya Kikerewe iliyojaribiwa hadharani, ile ya Bwana na Bibi Bennet inaonekana kavu kweli. Kitabu ni kinene, kigaweni.

Ratiba ya kuanzia

Kwa The Merchant of Venice, kutaneni mara tano, kila wiki mbili, tendo moja kila kikao. Tendo la pili lina maonyesho tisa mafupi. Someni kwa sauti yale ya wachumba wa Portia wanaochagua masanduku ya dhahabu na fedha, mengine yasimuliwe. La nne lipewe kikao kirefu. La tano ni fupi na lina onyesho moja: linazungumzia pete, na kuna habari kwamba meli tatu za Antonio zimefika salama kumbe. Tumieni dakika kumi kuuliza kama habari hiyo ingebadilisha kesi ingekuja mapema, na muda uliobaki uchagueni kitabu kinachofuata, kwa kura, kabla mtu hajavaa viatu. Mkiahirisha kuchagua mkasema tutawasiliana kwenye WhatsApp, hamtawasiliana.